Mfenesi wa bibi umeanguka: tutoe kitanda cha samadari au tumuachie mwenye tanuri?

Mwana_Kangagani
Assalaam alaykum. Upepo wa wiki iliyopita umeung'oa mfenesi wa bibi, mizizi yote juu. Gogo lililolala linanifika kiunoni, hatua nane mpaka penye panda. Mwenye tanuri la chokaa keshakuja mara mbili, anautaka kwa kuni. Bibi hataki kusikia. Mti ule kaupanda mwaka aliomzaa mama, basi anataka utoke samadari ya mdogo wangu anayeolewa mwakani. Fundi wa hapa anasema tupasue na kazi ianze mwezi huu huu. Mbao mbichi itafaa kweli?

Patasi_Unguja
Waalaykum salaam. Msalimie sana bibi, na mtu wa chokaa asipewe hata tawi.

Kupasua, pasueni sasa. Kuunda kitanda mwezi huu, hapana. Kosa hilo nimelifanya mimi: meza ya mwembe, mbao za miezi mitano, nikampelekea mteja Mji Mkongwe, chumba cha kiyoyozi. Wiki ya tatu uso umeachana katikati, kidole kinapita. Nilimrejeshea pesa zake zote.

Leo hii paka rangi ya mafuta vichwa viwili vya gogo. Maji hukimbilia kutokea huko, na ufa huanzia huko. Bandua maganda, dumuzi, mdudu mtoboa mbao, hujificha chini yake. Mwambie mpasuaji apite katikati ya moyo wa mti. Ubao uliobaki na moyo ndani hauna budi kupasuka. Azidishe nusu inchi kila ubao, kwani mbao hunywea. Kisha zipange kivulini, juu ya mawe, na baina ya kila tabaka weka fito za unene mmoja, zisimame mstari mmoja toka chini hadi juu. Fito zikienda ovyo, ubao unapinda na hakuna randa itakayounyoosha.

Hesabu yetu maseremala ni inchi moja mwaka mmoja. Kwa hiyo mbao za inchi moja zitawahi harusi, ziwe kichwa cha kitanda. Miguu ya inchi tatu haitawahi. Tafuteni mti mkavu wa nyumba ya zamani. Pima kipande kimoja kila Ijumaa kwenye mizani ya duka. Uzito ukikaa pale pale wiki tatu, imekauka.

Weupe wa nje ukate wote, ndio chakula cha dumuzi. Kiini cha manjano ndicho mali, na kadiri miaka inavyokwenda hugeuka kahawia, kizuri mno. Matawi yaliyopinda wauzie mafundi wa vyombo vya baharini, wanayatafuta kwa mataruma, yaani mbavu za chombo.

Bi_Wete
Kabla ya msumeno, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lenu, kisha kwa watu wa misitu uchukue kibali, hata kama mti umeanguka wenyewe shambani kwako. Mbao zangu zilizuiwa njiani siku mbili kwa kukosa karatasi.

Mwana_Kangagani
Ahsanteni sana. Nimemsomea bibi yote. Kumbe miimo ya mlango wa babu ipo darini, mizito, mikavu, hiyo ndiyo miguu. Kwa sheha naenda kesho asubuhi. Vichwa vya gogo nimeshavipaka, rangi ya kijani iliyobaki ya ngalawa.