Jeki ya magurudumu inashuka yenyewe: niitengeneze au ninunue mpya?

Mkazi_Kimara
Wakuu, habari za jioni. Nina jeki ya magurudumu, ile ndefu ya kukokota, aliniachia marehemu baba. Ina zaidi ya miaka 20 na chuma chake ni kizito kwelikweli. Tatizo ikishapandisha gari haikai, inashuka. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani anataka shilingi 60,000 abadilishe sili zote (raba za kuzuia oili isivuje) na oili. Kariakoo nimeonyeshwa mpya kwa 130,000. Jumamosi nataka kubadilisha pedi za breki mwenyewe nyumbani. Natanguliza shukrani.

NyundoNzito
Mkuu, umeeleza nusu. Gari gani? Jeki ya tani ngapi? Inashuka kwa sekunde au kwa nusu saa? Oili inavuja nje au ni kavu? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

Mama_Spea
Na hiyo ya 130,000 ni ya tani ngapi? Usije ukalinganisha mbuzi na ng'ombe. Zile ndogo za tani 2 nyingi zinainuka sm 30 na kitu tu. Kama gari lako liko juu, utaishia kuweka kipande cha mbao juu ya jeki, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Mkazi_Kimara
Samahani wakuu. Gari ni Noah. Jeki imeandikwa tani 3. Inashuka taratibu, baada ya dakika 10 tairi limeshagusa chini. Oili sijaona ikivuja. Ile ya dukani sikuuliza tani.

NyundoNzito
Kama nje ni kavu usikimbilie sili. Sili ya pistoni kubwa ikifa, mara nyingi utaona oili inachuruzika pale chuma kinapotokea. Mimi ningeanza na valvu ya kushushia: ama haifungi vizuri, ama gololi ya ndani imekalia uchafu. Mwaga oili yote, safisha kwa mafuta ya taa, acha ikauke kabisa. Jaza oili ya haidroliki namba 32 jeki ikiwa imeshuka mpaka mwisho. Legeza valvu, pampu mara 15 hivi bila mzigo itoe hewa. Lita moja ya oili inakutosha na inabaki.

Dereva_Mstaafu
Vijana, kabla hujampa fundi, muulize anaweka oili gani. Nilipeleka jeki yangu kwa fundi wa mtaani Mbagala, akanirudishia siku hiyo hiyo, inapanda vizuri. Nikamlipa na kumshukuru. Wiki ya tatu mdogo wangu anavua tairi la nyuma la Hiace. Alikuwa ametoa mkono kufuata spana, hata hajaishika, gari likashuka kwa kishindo, ngoma ya breki ikachimba ardhi. Sekunde moja nyuma mkono ule ungekuwa chini ya gari. Nilitetemeka mpaka jioni. Tulipoifungua jeki tukakuta sili zimevimba na kulainika kama bigijii. Yule fundi alikuwa ameweka mafuta ya breki, kisa yote ni ya kusukuma. Si kitu kimoja! Mafuta ya breki yanakula raba za jeki. Tangu siku ile naona bora mpya, na stendi mbili za kushikilia gari pembeni.

Kijana_wa_Buguruni
Pole sana mzee wangu. Ila mimi naweka oili ya gia boksi ya otomatiki, mwaka wa nne huu, haijanisumbua.

NyundoNzito
Hiyo haiharibu raba kama ya breki, kwa dharura sawa. Lakini haidroliki inauzwa, kwa nini ubahatishe?

Mama_Spea
Mzee umegusa jambo kubwa. Jeki ni ya kupandishia, si ya kushikilia. Hata mpya kabisa, usiingie chini bila stendi.

Kijana_wa_Buguruni
Mbona sisi tunaweka matofali?

Dereva_Mstaafu
Acha mwanangu. Tofali la saruji halikuonyi, linapasuka mara moja. Kama huna stendi, weka gogo zito la mti mgumu, na lile tairi ulilovua lisukume chini ya bodi.

Pwani_Kigamboni
Hamjasema habari ya mahali. Uwani kwangu ni mchanga, magurudumu ya jeki yanazama na jeki inainama. Natandika ubao mpana kwanza. Na huku karibu na bahari chumvi inakula chuma: pistoni ikishapata vishimo vya kutu, hata ukiweka sili mpya itachanika tena. Mkazi, pistoni yako inang'aa au ina vidoti?

Mkazi_Kimara
Nimetoka kuangalia kwa tochi. Inang'aa, ila karibu na mwisho kuna mkwaruzo, ukucha unakwama kidogo. Oili niliyomwaga ni nyeusi kama ya injini. Kusema kweli sitaki kuitupa, mzee alinifundishia kazi na hii.

Mama_Spea
Mkwaruzo wa kukwamisha ukucha si mzuri. Muulize fundi kama anaweza kuusugua kabla hajagusa sili.

NyundoNzito
Kama mkwaruzo uko kule mwisho inakofika mara chache, mimi bado ningeisafisha kwanza.

Kijana_wa_Buguruni
Jamani, stendi za tani 3 Ilala ninunue zipi, za kufunga kwa pini au za kufunga kwa meno? Nahitaji kabla ya wikiendi.

Dereva_Mstaafu
Za pini mwanangu. Na pini yenyewe iangalie unene.