Tupeane uzoefu: kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) inakufa katikati ya kazi, mlibainije chanzo?

Mkesha_Kerneli: Wakuu, leo nimeikompaili kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux mara tatu, na mara zote kompaila yangu, gcc, imekufa kwa ishara ya 11 (kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa), kila mara kwenye faili jingine. Aliyepitia haya atueleze alivyofika kwenye chanzo.

Fundi_wa_Usiku: Umenikumbusha wiki niliyokosa usingizi. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi Jumatatu, na kompaila ikawa inaanguka leo kwenye faili hili, kesho kwenye lile. Nikaifuta, nikaiweka upya, nikashusha toleo la zamani, wapi! Nilikuja kuelewa kwa kuchelewa kwamba kosa la msimbo, au hata kasoro ya kompaila yenyewe, kwa kawaida hurudi palepale, faili lilelile, mstari uleule, ilhali kosa linalohamahama mara nyingi hutoka kwenye vifaa. Nikawasha Memtest86+, programu ya kupima RAM (kumbukumbu ya kompyuta), saa nne usiku. Mzunguko wa kwanza ulipita safi. Mistari myekundu ya makosa ilianza mzunguko wa tatu, kunakucha. Nilipochomoa kipande kimoja cha RAM, kazi ilikwenda hadi mwisho bila kukatika. Kilichoniuma si bei ya RAM, bali mafaili niliyoyanakili wiki ile, maana biti (ile 0 au 1) ikigeuka kwenye kumbukumbu haibishi hodi: picha kadhaa za familia hazifunguki hadi leo.

Binti_Msimbo: Kweli tupu. Hata kwangu ilikuwa RAM.

Mzee_wa_Make: Msiwakimbize watu wote dukani. Mimi dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli) ilionyesha kwamba kumbukumbu ilijaa na kerneli ikaiua cc1plus, sehemu ya gcc, kwa sababu niliandika make -j (amri ya kukompaili kwa kazi kadhaa kwa pamoja) bila namba, nayo ikafungua kazi bila kikomo. Niliweka -j2, nikaongeza swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya GB 4, ikaisha.

Fundi_wa_Usiku: Mkuu, hiyo ni ishara ya 9, yaani kuuawa kwa lazima. Mwenzetu ameandika 11, lisome swali.

Mzee_wa_Make: Nimelisoma. Watakaopita hapa wakiwa na 9 nao wanahitaji jibu.

Pwani_Tech: Safisheni feni kwanza. Kukompaili huchosha prosesa saa nzima, na vumbi hufanya yake.

Binti_Msimbo: Aliyeongeza kasi ya RAM kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) airudishe ya kiwandani kabla ya kununua chochote.

Mkesha_Kerneli: Niliiongeza mwezi uliopita. Nimeirudisha, na yale mafaili matatu yamepita. Memtest86+ naiacha ikeshe.