ThinkPad T42 ya marehemu baba mdogo: niache XP au nipige kitu kingine?

kibirizi_kwetu

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijaharibu kitu ambacho hakirudi.

Nipo Kigoma mjini. Baba yangu mdogo alifundisha Bujumbura miaka mingi, aliporudi nyumbani alikuja na laptopu yake, IBM ThinkPad T42, ile nyeusi nzito yenye kitufe chekundu katikati ya kibodi. Alishatangulia mbele za haki, na wiki iliyopita mama mdogo kanikabidhi mashine ikiwa imefungwa kwenye kitenge akaniambia we ndo unayajua haya mambo. Nikachomeka chaja, ikawaka! Pentium M ya 1.7, RAM MB 512, diski GB 40, ina Windows XP ya Kifaransa na kibodi yenyewe ya Kifaransa, pale kidole kinapotafuta A unaikuta Q.

Sasa ndani kuna folda ina faili 43. Marehemu alikuwa anakusanya methali na hadithi za Kiha, anakaa na wazee anaandika. Nimeona majina ya faili tu. Nilianza kuzihamisha kwenye fleshi zikaenda tisa, ya kumi ikastaki na diski ikaanza kulia kwi kwi kwi. Hizo tisa nimezipeleka stesheneri hazikufunguka, zinaishia na .wps, Word ya pale inatoa takataka tupu. Kijana wa pale akasema tufomati tupige Windows 7 itakuwa nyepesi, nikaifunga laptopu yangu nikaondoka.

Nataka vitu viwili. Kwanza maandishi ya mzee yatoke yote. Pili mashine isirudi kwenye kitenge, mama mdogo anauza dagaa anataka kuweka hesabu zake humo, na wadogo zangu wajifunze kuchapa. Intaneti ni ya bando la simu tu. Niweke softiwea gani?

fundi_mwanga

Pole na msiba kaka. Hiyo mashine izime sasa hivi ukimaliza kusoma hapa na usiiwashe tena na diski hiyo ndani. Diski ikishaanza kulia hivo kila dakika unayoizungusha ndo unaimaliza, na kufungua faili mojamoja ukiwa ndani ya XP ndo njia mbaya kuliko zote, maana Windows ikikutana na sehemu mbovu inairudia rudia mpaka kichwa cha diski kinachoka.

Kuitoa diski kwenye T42 ni kazi ndogo, geuza mashine, tafuta skrubu moja pembeni karibu na diski, ukiifungua diski inavutwa inatoka ubavuni yenyewe kama droo. Ni IDE ya pini 44, plagi ya diski za zamani, sio SATA ya diski za sasa, kwa hiyo unahitaji kebo ya IDE kwenda USB, muulize fundi yeyote wa zamani anayo kwenye boksi. Chomeka kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, halafu tumia ddrescue. Hii programu haing'ang'anii, inakopi kwanza sehemu zote nzima inaruka mbovu, ikimaliza ndo inarudi kuzijaribu zile mbovu, na inaandika kwenye faili dogo imefika wapi, hata umeme ukikatika katikati unaendelea ulipoishia. Hakikisha hilo faili dogo umeliweka, bila hilo unaanza upya na diski yako haina nguvu ya kuanza upya.

Ukishapata nakala ya diski nzima, fanya kazi zako zote kwenye nakala. Diski yenyewe ifunge kwenye nailoni andika jina la mzee weka kabatini. Hapo swali la XP au Linux linakuwa jepesi maana hakuna unachopoteza.

Kitu kingine na hiki naomba usikipuuze, chaja ya T42 ni volti 16. ThinkPad zilizokuja baadaye ni volti 20. Mtu asikuazime chaja kwa sababu tu imeandikwa Lenovo.

reli_ya_kati

Natokea Tabora, nna T42 mwaka wa sita sasa naitumia kila siku dukani. Nikushauri kwa niliyoyapitia.

Windows 7 achana nayo. Inataka GB 1 ya RAM angalau, we una nusu, na sapoti yake iliisha Januari 2020. Unapata uzito wa Windows mpya na hatari ya Windows ya zamani kwa pamoja.

Mimi nimeweka antiX 23, Linux nyepesi, ile ya biti 32, imejengwa juu ya Debian 12 ambayo nayo ni Linux. Kwa nini hiyo na sio nyingine, kwanza Pentium M ni biti 32 na dunia inatuacha, Debian 13 iliyotoka 2025 haina tena instola ya biti 32. Pili kuna kitu kinaitwa PAE, uwezo wa prosesa ya biti 32 kutumia RAM zaidi ya GB 4. Prosesa yetu hii haitangazi kama inayo hata kama kwa ndani inaiweza, sasa unachoma sidii ya Linux fulani unaiweka unasubiri, inakuja skrini nyeusi mstari mmoja kwamba prosesa haina PAE, mwisho wa safari. Nilipoteza wikendi nzima nikidhani sidii mbovu, nikachoma tatu. Dawa yake ni kuongeza neno forcepae mwanzoni pale inapowaka, lakini antiX hata haikusumbui na hilo, kerneli yake (kiini cha mfumo) ya biti 32 haidai PAE.

Ukiwasha antiX bila kufungua kitu inakula RAM ndogo sana, unabaki na nafasi ya kazi. Hesabu za dagaa tumia Gnumeric, programu ya majedwali kama Excel, inafunguka haraka na inasoma faili za Excel. Firefox inafungua ila ukiwa na MB 512 usiitegemee, tafuta RAM ya DDR ile ya zamani PC2700, T42 inapokea mpaka GB 2 na mimi nilipofika GB 1 niliona tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote nilichofanya. Badala ya diski nyingine ya kuzunguka weka adapta ya IDE na mSATA ndogo, diski ya chipu isiyozunguka, haina kelele na mashine inapoa.

Bando la simu usihangaike na waifai mwanzoni. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti, Linux inaiona hapohapo kama waya wa mtandao. Ukitaka hotspoti hakikisha simu umeiweka 2.4 GHz, kadi za waifai za nyingi ya mashine hizi ukiziwekea 5 GHz hazioni kitu.

mtunza_mashine

Mimi naomba nimtetee XP kidogo. T42 imetoka 2004, IBM yenyewe ndo bado wanatengeneza kabla hawajawauzia Lenovo 2005, na imeundwa na XP. Ukifunga kifuniko inalala, ukifungua inaamka, vitufe vya mwanga na sauti vyote vinafanya kazi. Na ni XP ya marehemu, na mpangilio wake wa skrini, mimi nisingeifuta. Hesabu za duka na kuchapa haviitaji intaneti. Weka LibreOffice 5.4, programu ya bure kama Microsoft Office, ndo ya mwisho kukubali XP, inatosha kabisa.

Ila mtandaoni usiipeleke, hapo sibishani na mtu. Sapoti iliisha Aprili 2014, Firefox ya mwisho kwa XP ni 52 ambayo nayo iliachwa 2018. Na fleshi za stesheneri ndo ugonjwa wenyewe, unarudi nyumbani folda zote zimegeuka shotikati.

mwl_kasulu

Pole sana mdogo wangu. Nimesoma hii mara mbili. Mimi ni mwalimu na Kiha ndo lugha ya mama yangu, wazee waliokuwa wanaambiwa waseme methali wakaandikwa wengi hatunao tena, kwa hiyo hizo faili 43 si za familia yenu peke yenu.

Faili za .wps ni za Microsoft Works. Ilikuwa programu ya bei ndogo ya Microsoft, wengi walikuwa nayo kwenye kompyuta za nyumbani, lakini Word haielewani nayo hivihivi. Haijaharibika. LibreOffice inazifungua, nimeshafungua za mwalimu mwenzangu wa miaka ileile. Usizifungue mojamoja na kuzisevu juu ya zilezile. Kopi folda nzima, fungua terminali (dirisha la kuandika amri) ndani ya hiyo kopi, andika:

soffice --headless --convert-to odt *.wps

Zote zitatoka kwa mpigo zikiwa odt, faili za LibreOffice, za zamani zinabaki kama zilivyo. Kisha rudia kwa kuandika pdf badala ya odt, ili hata mtu mwenye simu tu asome.

Kibodi isikutishe. Kwenye Linux ukiandika setxkbmap us herufi zinakaa kama tulivyozoea, setxkbmap fr zinarudi za mzee. Kwa hao wadogo zako wanaojifunza weka stika juu ya vitufe, mtoto akijifunza kwa kitufe kinachosema A halafu inatoka Q utamkatisha tamaa.

mzee_wa_gati

Wanangu mnabishana XP na Linux kana kwamba kubadilisha ndani ni kuua. Meli ya Liemba hapa gatini kwetu ilitengenezwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924, injini yake ya mvuke ikatolewa miaka ya 70 ikawekwa ya dizeli. Hakuna mtu Kigoma aliyeacha kuiita Liemba. Fanya alivyosema fundi, diski ya marehemu kabatini, mashine iende kazini.

kibirizi_kwetu

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Narudi na majibu maana najua inavyoumiza mtu akiuliza halafu akapotea.

Kebo nimeipata kwa fundi wa redio Ujiji. Tuliianzisha ddrescue kwenye kompyuta ya rafiki yangu saa mbili usiku, masaa ya kwanza ilienda vizuri, kuanzia saa saba ikawa inatambaa, nimelala pale chini kwenye mkeka naamka kuangalia namba. Asubuhi ilikuwa imebaki sehemu ndogo sana haijasomeka. Umeme ulikatika mara moja na kweli iliendelea ilipoishia, fundi Mungu akubariki.

antiX nimeiweka kwenye diski nyingine ya IDE niliyopewa, mSATA nitanunua nikijaliwa. Kitu kimoja hakuna aliyenitajia: mashine kila ikiwaka ilikuwa inaleta namba 0271 na tarehe imerudi miaka ya nyuma, na Firefox ikawa inakataa kila tovuti inasema si salama. Nikahangaika na bando bure. Kumbe ni betri ndogo ya ndani ya saa imekufa, tarehe ikiwa ya zamani vyeti vya tovuti vyote vinaonekana havifai. Nimeweka tarehe kwa mkono vikafunguka. Betri yenyewe ni CR2032 ila ina waya na plagi yake, nimeagiza, atakayekuja na T42 aanze na hapo.

Amri ya mwalimu nimeiandika kama ilivyo. Faili 41 zimefunguka nzima. Moja imekatika katikati, moja haikutoka kabisa. Jana jioni nikamsomea mama mdogo faili la kwanza, na kila mstari ananirekebisha namna ya kutamka, mpaka nikampa kiti akakaa yeye mbele ya skrini. Mzee alikuwa anaandika jina la aliyemwambia chini ya kila methali, na kijiji chake.

Hesabu za dagaa tutaanza wiki ijayo. Dada mwalimu, kwenye faili la 12 kuna maneno matano ambayo hata mama mdogo hayajui, nakutumia PDF usiku huu.