Tupeane uzoefu: filamu ya wajinga iliyopondwa na kila mtu, lakini wewe ilikugusa

Mwanzisha uzi, Nkuhungu

Wakuu, habari za jioni. Huku upepo umeshaanza kutimua vumbi, nimefunga madirisha, niko sebuleni na kaka yangu. Nina jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka hapa.

Mwaka 2014 ilitoka Dumb and Dumber To, mwendelezo wa ile ya 1994. Ni Jim Carrey akicheza Lloyd na Jeff Daniels akicheza Harry, marafiki wawili ambao ukiwatuma chumvi watarudi na sabuni, na chenji wameisahau dukani. Wahakiki wengi waliiponda. Walisema utani umechacha, wahusika hawajakua, watu wazima wanajifanya watoto. Watazamaji walijaa, maana ilikusanya zaidi ya dola milioni 160 duniani, lakini hata wao ukiwauliza wengi watakwambia haifikii ya kwanza.

Mimi naitetea. Sababu yangu ni hii.

Kaka yangu mkubwa alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukapooza. Miezi ya mwanzo hakusema wala hakucheka. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha uji wa ulezi, kijiko kimoja kimoja, mkono wa pili nimekinga kitambaa chini ya kidevu kwa sababu upande mmoja wa mdomo ulikuwa haufungi. Nilijifunza kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, kumwaga mfuko wa mkojo, kumkunja na kumkunjua vidole visikakamae. Rafiki zake wa kijiweni walikuja wiki ya kwanza, wakaja ya pili, kisha wakawa wanapiga simu, kisha simu nazo zikakoma. Siwalaumu. Mtu asiyejibu anachosha.

Jioni moja mpwa wetu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akaja na laptop yake. Akasema mjomba anahitaji kucheka, akaiweka hiyo filamu. Inaanza: Lloyd yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, kwenye kiti cha magurudumu, ndevu zimemjaa, macho yamekodoa, hasemi. Mkono wangu ulishakwenda kuizima, maana mbele yangu nilikuwa na kaka kwenye kiti kama kile kile.

Lakini Harry anaingia. Miaka 20 amekuwa akija kumwona mwenzake, akimlisha na kumbadilisha nepi. Halafu inajulikana kwamba Lloyd hakuwa mgonjwa hata siku moja. Alikuwa anamtania. Miaka 20, utani mmoja! Na Harry hakasiriki hata kidogo. Anafurahi kama mtu aliyeokota almasi, anauona ni utani mkali kuliko wote aliowahi kufanyiwa.

Wahakiki waliona upuuzi hapo. Mimi nilimwelewa Harry kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote kwenye filamu. Kama kaka angeinuka usiku ule akaniambia miezi yote saba alikuwa ananitania, nisingemdai hata siku moja katika hizo. Ningepiga kelele mtaa mzima ukaamka.

Kisha Lloyd anataka kuondoka, na bado ana mpira wa mkojo. Harry anaukamata ule mpira na kuuvuta. Kaka naye alikuwa na wake. Nikasikia sauti pembeni yangu, kama mtu anayekohoa maji. Nikageuka nikidhani amepaliwa. Alikuwa anacheka. Mdomo umekwenda upande mmoja, machozi yanatoka jicho la kushoto, bega zima la kushoto linatikisika. Mpwa alisimamisha filamu, akarudisha nyuma. Tuliangalia kipande kile mara nne.

Sasa niambieni ile ni filamu mbaya. Na wewe mwenye yako ya wajinga iliyopondwa na wenye kalamu zao, iweke hapa. Tupeane uzoefu.

Mwenye duka, Majengo

Mkuu, pole na kaka, na hongera kwa kumuuguza.

Mimi ya 2014 niliiona mara moja tu, sikumbuki mengi. Ile ya 1994 ndiyo yangu. Wale jamaa wanaokota sanduku la mkoba, wanakuta limejaa fedha, na wanazitumia zote. Lakini kila wanachotumia wanakiandikia karatasi: tumechukua kiasi hiki, tutalipa. Mwisho wenye fedha wanafungua sanduku, mle ndani ni karatasi tupu, na Lloyd anawaeleza kwa dhati kabisa kwamba hizo ni sawa na fedha. Anawaonyesha hata ile ya gari, dola 275,000, anawaambia hiyo waitunze vizuri.

Watu hucheka hapo. Mimi nina daftari la madeni chini ya kaunta tangu nifungue duka, na nawajua wanaoandikwa humo. Wenye maneno matamu na viatu vinavyong'aa ndio wanaobadilisha njia wakifika kona ya duka langu. Mtaani kwetu kuna fundi baiskeli ambaye watoto humwita zezeta. Hesabu ya kutoa inampa shida. Huyo huchukua mkate na majani ya chai, na kwa sababu hajiamini na kumbukumbu, anachukua kipande cha boksi, anachora mkate, anachora pakiti ya majani, anakiweka mfukoni. Jumamosi anakuja na kile kiboksi, anakinyoosha juu ya kaunta kwa viganja vyote viwili, analipa mchoro mmoja baada ya mwingine. Akimaliza mmoja anaukata kwa msumari.

Nilipomwona Lloyd na karatasi zake nilimwona fundi wangu. Aliyetunga kisa kile anawajua watu.

Mama wa watatu, Area C

Naomba nipingane kidogo, na sipingani kwa ubaya.

Katika hiyo hiyo ya 1994 Lloyd anamuuzia mtoto asiyeona ndege aliyekufa. Mtoto anamkumbatia ndege na kumsemesha, hajui. Mwanangu wa pili haoni tangu kuzaliwa. Nilikuwa ukumbini na ndugu zangu, wote wakapasuka kicheko, yeye akauliza, "Mama, kuna nini?" Nikakosa la kumwambia. Hata hiyo ya 2014 mtoto yule wanamrudisha akiwa mtu mzima, wanaendelea na utani ule ule.

Tena matusi na mambo ya chumbani yamejaa. Huwezi kuitazama na mama mkwe. Kwa hiyo waliokosoa, wengine walikuwa na sababu.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, la ndege sina utetezi nalo, na sitautafuta. Ningekuwa mimi ningeuliza swali lile lile aliloliuliza mwanao. Na vipande vya chumbani mpwa aliviruka, nakubali.

Ninachokitetea ni wale wawili na namna wanavyokaa pamoja. Wahakiki waliupiga mawe hasa ujinga wao, na ujinga wao ndio uliokuja kukaa na kaka yangu wakati wenye akili wameacha kuja.

Mjukuu, Mpwapwa

Bibi yangu hajui Kiingereza, na Kiswahili chenyewe anakichanganya na Kigogo. Likizo moja nilikuwa naiangalia hii hii ya 2014 kwenye simu, akaja kukaa kwenye kigoda nyuma yangu, anachambua mlenda. Hakusema kitu dakika nyingi. Halafu akauliza, "Hawa wanatafuta nini?"

Nikamwambia: huyu mwembamba na huyu mwenye nywele za kusimama wanamtafuta binti. Mwenye nywele amesema figo zake zimeharibika, na amesikia ana mtoto ambaye hajawahi kumwona, huenda akampa figo moja.

Bibi akaacha mlenda. Akasema, basi hao si fisi.

Waliolelewa na bibi wa huku watanielewa. Fisi ndiye mjinga wa hadithi zetu zote. Njia mbili zilimshinda kwa sababu alisikia harufu ya nyama huku na harufu ya nyama kule, akataka zote, akapasuka msamba. Ujinga wa fisi ni tumbo lake, na mtoto akisikiliza hadithi ile hamwonei huruma hata kidogo. Bibi aliwatazama wale wawili akiwangoja waonyeshe tamaa, kama fisi, hakuiona. Kuanzia hapo alisogeza kigoda karibu. Mwembamba alipokuwa akikosea, bibi alimwonya kwa Kigogo, kwa sauti ya upole anayotumia kwa watoto wadogo.

Mwishoni Harry anakiri kwamba hata ugonjwa wa figo ulikuwa utani, analipiza. Nilipomtafsiria, bibi alipiga paja lake kwa kiganja kilichojaa majani. Sijui alama ngapi wahakiki waliipa. Mimi nahesabu paja la bibi.

Msafiri, Manyoni

Yangu si ya Marekani. Ni vichekesho vya marehemu Mzee Majuto, vile vinavyowekwa kwenye mabasi ya njia ndefu. Wasomi wetu walikuwa wakivisema: kelele nyingi, kupigana makofi, mzee mzima anadanganywa na kila mtu. Basi letu liliharibika usiku kabla ya kufika Manyoni, Julai, na mnajua baridi ya Julai huku kati. Dereva aliacha runinga iwake tusikae gizani. Abiria walikuwa wameshaanza kumtukana kondakta. Mzee Majuto akaingia kwenye kioo, hajasema hata neno, ametazama tu kwa yale macho yake, basi zima likacheka. Kondakta naye akacheka. Mama mmoja akatoa karanga, zikazunguka viti vyote. Alipofariki Agosti 2018 niliikumbuka ile karanga.

Mzaliwa wa Zuzu

Natoka Zuzu, kata ya hapa hapa Dodoma. Nilipokwenda sekondari ya bweni mkoa mwingine, mwalimu akaniuliza mbele ya darasa ninatoka wapi. Nikajibu. Miaka minne sikuitwa tena jina langu.

Kwa hiyo neno hilo nalijua kwa ndani. Nilichokipenda kwa Lloyd na Harry ni kwamba hawaoni aibu. Wanaingia kwenye hoteli za watu wakubwa, wanaingia kwenye mkutano wa wanasayansi, hawainamishi kichwa hata mara moja. Filamu ingeweza kuwaadhibu ili sisi tujione werevu. Haikuwaadhibu. Wanaanza wawili, wanamaliza wawili, wanatembea barabarani.

Mpakiaji wa zamani, Kibaigwa

Mimi nilikuwa napakia magunia ya mahindi sokoni Kibaigwa. Jioni tunaoga, tunaingia kibanda umiza, mtafsiri anaweka sauti yake juu ya filamu. Ile ya kwanza tuliiona pale. Mtafsiri hakuwaita Lloyd na Harry, aliwapa majina ya wapakiaji wawili walioko ndani ya banda, marafiki wasioachana. Kila walipokosea kwenye kioo, wale wawili walisimama kwenye mabenchi kujitetea. Hakuna aliyetuambia kwamba filamu ni nzuri au mbaya. Mgongo ulikuwa unauma, tukacheka, mgongo ukatulia.

Mdau, Ipagala

Swali kwa mwanzisha uzi. Huoni kama walichelewa? Miaka 20 ni mingi. Carrey alikuwa na miaka 52, Daniels 59. Mimi nilipowaona na mikunjo usoni wanafanya yale yale, nilisikia huzuni.

Mwanzisha uzi

Mkuu, huzuni hiyo na mimi niliisikia, na nadhani imo mle ndani kwa haki yake. Kijana mjinga anachekesha kwa sababu unajua atakua. Mzee mjinga hana pa kukulia, amebaki na rafiki yake tu. Na Daniels hakulazimika kurudi. Mwaka 2013 alikuwa ameshinda tuzo ya Emmy kwa kazi nzito ya runinga, angeweza kukaa na heshima yake. Alirudi akazivuruga zile nywele. Mmoja wa ndugu wawili walioiongoza, Peter Farrelly, miaka michache baadaye filamu yake nyingine ilichukua Oscar ya filamu bora, mwaka 2019. Watu wakasema amebadilika, amekuwa mkubwa. Hiyo nayo ni ya watu wawili safarini garini, mmoja anamvumilia mwenzake mpaka wanapendana. Mimi sikuona mabadiliko makubwa sana.

Mama wa watatu, Area C

Nimesoma yote. Bado la ndege linaniuma. Ila kaka yako anaendeleaje sasa?

Mwanzisha uzi

Asante kwa kuuliza, dada. Mpira wa mkojo ulishatolewa. Anasimama kwa kushika meza, na maneno yanakuja, polepole, mengine yanakwama katikati.

Leo asubuhi nilipompelekea uji nilimkuta amefumba macho, kichwa kimelala upande. Nikamwita, kimya. Nikamwita tena kwa jina la utotoni, kimya. Nikaweka bakuli sakafuni, nikamshika bega, moyo umeshanipanda kooni. Akafumbua jicho la kushoto.

"Ni... nimekupata."

Uji ulipoa, ikabidi niupashe upya.