Ushauri: kioo cha darubini kimeingia ukungu na Jumamosi nina watu

MtunzaDarubini
Assalamu alaykum wana jukwaa. Mimi ndiye ninayetunza darubini ya kikundi chetu kidogo cha watazama nyota hapa Lamu. Ni ile ya kioo, upana milimita 130, umbali wa fokasi milimita 650, inakaa kwenye miguu mitatu. Juzi magharibi tulikuwa tukitazama mwezi mwandamo ukishuka ng'ambo ya maji, nikaona picha imefifia na ukingo wa mwezi una kitu kama moshi. Nilipomulika tochi ndani ya bomba nikakuta kioo cha chini kina utando mweupe, na upande mmoja kuna madoa madogo madogo. Jumamosi nina wageni pamoja na watoto wa shule, jumla kama arubaini hivi. Nakisafishaje upesi? Nimeambiwa spiriti na kitambaa cha miwani, na vyote nimeshanunua.

FundiLenzi
Wa alaykum salaam. Hicho kitambaa kiweke mbali kabisa. Kioo cha kabatini kimepakwa nyuma, cha darubini kimepakwa mbele: ni alumini tupu yenye kinga nyembamba juu yake, unene wake wote haufiki hata elfu moja ya milimita. Chumvi na mchanga wa kwetu ukivisugua vikiwa vikavu vinageuka msasa.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kwanza kwamba ni uchafu kweli. Magharibi hewa ya baharini ina chumvi na unyevu, na kioo kikitoka ndani ya nyumba kikiwa baridi kikakutana nayo hupata umande. Iache darubini nje nusu saa bila kifuniko, kisha umulike tena. Kama utando bado upo, fungua.

Weka alama ya kalamu kwenye kikombe cha kioo na kwenye bomba, ili ukirudisha kikae vilevile. Legeza skrubu zinazoshika kikombe pembeni mwa bomba, si zile za kurekebisha mwelekeo zilizo nyuma. Puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, usipulize kwa mdomo maana mate hayakosi. Halafu weka taulo chini ya beseni, laza kioo uso juu, mimina maji ya uvuguvugu yapite juu yake dakika mbili tatu. Hapo ndipo chumvi nyingi inapoondoka, na wengi hukosea kwa kuruka hatua hii. Baada ya hapo maji mapya na matone mawili ya sabuni ya vyombo, kiloweke robo saa. Chukua pamba ya hospitali, iloweshe, iburute juu ya kioo kwa uzito wake yenyewe bila kukandamiza, mstari mmoja tu, kisha itupe na uchukue nyingine. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, kisimamishe kwa ukingo kikauke. Tone lililobaki liguse kwa ncha ya tishu, usilipanguse.

Yale madoa sahau. Kioo kikiwa nje, mulika tochi kwa nyuma. Ukiona vitundu vya mwanga, hapo alumini imeshaliwa na chumvi na hakuna sabuni itakayoirudisha. Vitundu vichache haviharibu picha.

BintiShela
Nyongeza ya maji. Ya kisima usiyatumie hata kwa hatua ya kwanza, mengi yana chumvi na chokaa, yakikauka yanaacha duara nyeupe mbaya kuliko utando ulioanza nao. Ya mvua yaliyochujwa ni afadhali. Na ya kumalizia, yaani ya kuongezea betri, soma chupa vizuri. Dukani ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa asidi, chupa zinafanana na zinakaa rafu moja. Asidi itaila alumini yote na ngozi yako pia.

Kidagaa
Izikeni kwenye gunia la mchele, simu yangu ilipona 😂

FundiLenzi
Mchele una vumbi la wanga, usifanye. Tumia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ndani ya sanduku lenye mpira wa kuziba. Na usifunike darubini ikiwa na umande, unaufungia unyevu ndani na hapo ndipo ukungu unapoota.

MzeeWaFalaki
Nimefurahi kuona vijana wanatazama mwandamo kwa darubini. Watu wabishane kwa elimu: mwezi ukiwa umbali wa chini ya digrii 7 hivi kutoka kwa jua hauonekani kwa jicho, na darubini nayo haisaidii, kwa kuwa ukingo ule mwembamba haujapata mwanga wa kutosha kuungana. Anayesema ameuona jioni ambayo mwezi umetua kabla ya jua, huyo ameona wingu. Umri wa mwezi kwa saa peke yake hautoshi, lazima utazame pia urefu wake juu ya upeo wakati jua linapozama, na ni kiasi gani umekaa kaskazini au kusini mwa pale jua lilipozamia. Mtunza, mwandamo huo ulikuwa na urefu gani?

MtunzaDarubini
Sikupima, mzee wangu. Ahsante wote. Sasa nikishasafisha, vioo vitakuwa vimehama. Navilinganishaje?

FundiLenzi
Chukua kifuniko cha plastiki cha tundu la lenzi ya jicho, toboa katikati kabisa kitundu cha milimita 2. Chungulia. Kwanza rekebisha kioo kidogo cha mshazari hadi uone klipu zote tatu za kioo kikubwa. Kisha zungusha skrubu za nyuma, robo mzunguko kila mara, hadi kile kiduara cha katikati ya kioo kikubwa kikae sawa na tundu lako. Skrubu za kufungia zikaze mwisho, polepole, maana zenyewe husukuma kioo. Usiku hakikisha kwa nyota angavu: itoe kwenye fokasi kidogo, ziwe duara ndani ya duara, zisiegemee upande.

Kwa hiyo unahitaji usiku mmoja wenye mbingu wazi kabla ya Jumamosi. Jumamosi yenyewe mnaanza saa ngapi?

MtunzaDarubini
Saa nne.

FundiLenzi
Saa nne usiku na watoto wa shule?

MtunzaDarubini
Asubuhi.

BintiShela
Saa nne asubuhi mnatazama nini?

MtunzaDarubini
Jua. Nataka waone madoa yake. Chujio ninalo, msiwe na wasiwasi. Mimi niliuliza habari ya kioo tu.

FundiLenzi
Chujio gani? Linafungwa wapi?

MtunzaDarubini
Dogo, jeusi, lina maandishi ya jua. Linafungwa kwa nati chini ya lenzi ya jicho. Lilikuja na darubini ndogo ya zamani ya milimita 60. Nimelijaribu na halijapasuka.

FundiLenzi
Basi achana na kioo, tuzungumze hili.

Chujio hilo linakaa karibu na fokasi. Darubini yako inachota mwanga wote unaoangukia milimita 130 na kuukusanya kwenye duara la jua lenye upana wa milimita 6 hivi. Jua kali la pwani, hiyo ni kama wati 12 kwenye eneo dogo kuliko kitufe cha shati, na kioo cheusi kipo palepale kinazinyonya. Kinapata joto katikati, ukingo uko kwenye chuma na ni wa baridi, kinapasuka bila kutoa ishara. Kwenye ile ya milimita 60 tayari vilikuwa vinapasuka, na yako inachota mwanga zaidi ya mara 4 ya ile. Kwamba halijapasuka hakukuambii kitu, linaweza kupasuka mtoto wa ishirini akiwa kwenye jicho. Retina haina neva za maumivu, hatapiga hata kelele.

Livunje kwa nyundo. Ukilitunza kuna siku mtu atalitumia.

MzeeWaFalaki
Mwanangu, mato hayana spea. Na watoto wa watu ni amana.

MtunzaDarubini
Nawaelewa, lakini tangazo limeshatoka na arubuni nimepokea. Siwezi kuwaambia watu warudi. Kila mtoto atachungulia sekunde tatu tu. Au niwavishe ile miwani ya kupatwa kwa jua wachungulie nayo?

FundiLenzi
Hapana! Miwani ile ni ya jicho tupu. Nyuma ya darubini inatoboka mara moja. Chujio linatakiwa liwe mbele, kwenye mdomo wa bomba, kabla mwanga haujakusanywa.

Kidagaa
Arubuni imeshaliwa, semeni ukweli 😂

NgomeniPwani
Huku Malindi darubini ni jambo la kawaida jamani. Setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe, siku ya uhuru wa Kenya. Jukwaa lilirusha mara ya mwisho mwaka 1988. Mngeleta watoto huku.

BintiShela
Na macho yao yanahusikaje na San Marco, ndugu yangu?

Kibunzi
Samahanini, mimi naona tunachezewa. Someni tena ujumbe wa kwanza. "Hapa Lamu", mwezi mwandamo "ukishuka ng'ambo ya maji". Ukisimama Lamu, ng'ambo ya maji ni Manda, na Manda iko mashariki. Mwandamo hushuka magharibi, nyuma ya mji, upande wa Matondoni. Hakuna mtazama nyota wa Lamu atakayekosea hilo. Mzee alipouliza urefu wa mwezi akakwepa. Na kila akibanwa anatoa kipande kipya. Huu uzi umetungwa na mtu aliye mbali na ramani ya simu.

Kidagaa
Eeeh! Mwezi umechomoza magharibi sasa 🍿

MzeeWaFalaki
Kibunzi ana hoja. Mwandamo juu ya Manda jioni ni muhali.

MtunzaDarubini
Sikutunga kitu. Sikusema nilikuwa Lamu mjini. Nilikuwa Manda. Ukiwa Manda, ng'ambo ya maji ni Lamu, na ndiko ulikoshukia.

Kibunzi
Na darubini ya kikundi ilikuwa inafanya nini Manda?

MtunzaDarubini
Iko kwenye hoteli moja huko. Wao ndio wenye wageni, watoto ni wa shule wanayoifadhili. Wanachama watajulishwa, na sehemu ya pesa itaingia kwenye mfuko.

BintiShela
Uzi ni wa kweli, Kibunzi. Mimi ni mwanachama wa kikundi hicho. Nilikuta kabati tupu nikadhani darubini imepelekwa kwa fundi. Nimeshamtumia mwenyekiti kiungo cha uzi huu.

MtunzaDarubini
Dada, haya tungezungumza pembeni.

BintiShela
Tutazungumza, ila la macho halisubiri kikao.

NgomeniPwani
Basi nisaidie badala ya kupiga porojo. Ninacho kipande cha filamu ya jua, Baader AstroSolar ya msongamano 5, ukubwa wa A4. Hiyo inapitisha sehemu moja tu kwa laki moja ya mwanga. Iko pia ya 3.8, lakini hiyo ni ya kamera, usiweke jicho hapo hata ukiipewa bure. Naweza kukitia kwenye basi la Mokowe kesho alfajiri.

FundiLenzi
A4 inatosha mdomo wa bomba lako. Tengeneza pete mbili za kadibodi, bandika filamu katikati kwa selotepu ya pande mbili. Kisha ukanda wa kadibodi wa sentimita 6 uzungushe bomba mara tatu nne, ubane vizuri, gundisha pete juu yake. Kabla ya kila matumizi ielekeze filamu kwenye taa kali utafute vitundu. Upepo wa kusi ukiingia chini ya kadibodi unaing'oa, kwa hiyo selotepu pande nne kwenye bomba, na mtu mzima mmoja asimame mdomoni mwa bomba muda wote, kazi yake iwe hiyo tu.

Darubini ndogo ya kulengea ing'oe kabisa, usiifunike tu, watoto hufunua. Lenga kwa kivuli: sogeza bomba hadi kivuli chake chini kiwe duara dogo kabisa. Tumia lenzi ya milimita 25, itakupa ukuzaji wa mara 26 na jua zima litaingia. Na anza saa mbili na nusu badala ya saa nne. Kadiri jua linavyopanda ndivyo bomba linavyosimama wima, na mchanga uliopata moto unafanya picha icheze.

BintiShela
Arubaini kwenye tundu moja watachoka. Wanaosubiri wape hii: kipande cha kioo cha kawaida cha kujitazamia, kifunike kwa karatasi nyeusi yenye tundu la milimita 6, kiweke juani, rusha mwanga ndani ya chumba chenye giza kwenye ukuta mweupe. Kwa mita 15 utapata duara la jua la sentimita 14 na wote wanaliona pamoja. Doa kubwa sana tu ndilo litakaloonekana. Filamu isipofika, fanyeni hili peke yake. Na kuanzia Ijumaa darubini nitakuwa nayo mimi.

MtunzaDarubini
Sawa. Filamu upande upi unatazama jua?

NgomeniPwani
Wowote. Mikunjo haidhuru, ila usiivute ikakaza, inaharibu picha. Nitumie jina la kuandika kwenye bahasha.

MtunzaDarubini
Nimekutumia. Na ule utando wa kioo je, nisafishe au niache?

FundiLenzi
Acha hadi baada ya Jumamosi. Ukifungua sasa huna usiku wa kulinganisha, na kwa jua lenye filamu utando huo utapunguza tu ukali kidogo.

Kidagaa
Na arubuni?