Kifaransa cha daraja la kati chuoni: mliovuka na mliokwama, tupeane uzoefu

Mchele wa Kyela
Wakuu, habari za muda huu.

Nipo mwaka wa pili, na muhula huu nimechukua Kifaransa cha daraja la kati kama kozi ya hiari. Mwaka wa kwanza ilikuwa mserereko: naitwa fulani, natoka Mbeya, napenda muziki, nina kaka wawili. Nikaondoka na A, nikawa nasalimia watu kantini kwa "ça va". Muhula huu mhadhiri kaingia siku ya kwanza, hajatamka neno la Kiswahili wala la Kiingereza, kaandika ubaoni "Racontez votre week-end" (simulieni wikiendi yenu), akakaa pembeni akitutazama. Darasa zima kimya. Walioinua mikono ni wale waliosoma tahasusi yenye Kifaransa kidato cha tano na sita. Sisi tulioanzia chuoni tukawa tunapekua madaftari ambayo hayana kitu.

Naomba waliopita hapa watuambie kigumu hasa kilikuwa nini na mlivukaje. "Soma kwa bidii" msiniandikie, hilo naambiwa nyumbani kila Jumapili.

Binti Malindi
Mimi ni Mzanzibari, chuo nilisoma bara. Kuongea hakukunitesa. Kilichonitoa jasho ni imla.

Mwalimu wetu, mama mmoja wa makamo, kila Ijumaa asubuhi akitusomea aya moja mara tatu. Ya kwanza kalamu chini, sikilizeni tu. Ya pili anasoma kipande kipande, na vituo vyote anavitaja: virgule, point, à la ligne. Ya tatu anaisoma moja kwa moja, wewe unasahihisha. Sasa kwetu ukisikia "wanasema" unaandika wanasema, umemaliza. Kule il parle (anasema) na ils parlent (wanasema) mdomoni ni kitu kimoja, parlait na parlaient vivyo hivyo. Sikio halikwambii kama ni mtu mmoja au kundi. Karatasi zikirudi, wino mwekundu wote umejazana mwishoni mwa maneno.

Dawa niliyoipata ni kumsaka mtenda kwanza. Kabla sijaandika kitenzi napigia mstari aliyetenda: mmoja au wengi, wa kike au wa kiume? Ndipo naandika mwisho wa neno. Inachosha, lakini wekundu ulipungua.

Kuhusu kutamka, watu wa pwani tuna cha bure. R yao ya kooni iko jirani kabisa na gh ya ghali, ghafla, lugha. Wenzangu wa bara walikuwa wakigonga "Paris" kwa ncha ya ulimi, nikawaambia anzeni kama mnataka kusema "ghali". Ila ile u ya "rue" sote hatuna. Kunja midomo kama unasema u, halafu bila kuikunjua sema i. Mtachekana, lakini itatoka.

Mzee wa Kreta
Mkuu Mchele, mimi nilirudi chuoni nikiwa tayari naongoza watalii huku Arusha, kwa hiyo nilikuwa nasoma na njaa ya kazi. Wageni wa Ufaransa, Ubelgiji na Uswisi wapo, waongozaji wanaomudu lugha yao ni wachache, msimu ukianza simu yako haipumziki.

Kitabu cha darasani kilinichekesha. Mlango mzima unahusu kupanga chumba Paris, mwingine unahusu kukosa treni. Treni nitaikosea wapi mimi, Ndutu? Nikaanzisha kidaftari changu pembeni: duma ni guépard, chui ni léopard, tope ni boue, pancha ni crevaison. Mhadhiri alipokiona hakununa, akaniambia kwenye mtihani wa kuongea nizungumzie hayo hayo.

Lakini kinachonilisha mpaka leo ni somo la nyakati zilizopita, lile linalowakimbiza watu wengi. Gari limesimama kwenye mgunga, mgeni anauliza simba tulioahidiwa wako wapi. Hapo huna ujanja, lazima usimulie:

Hier matin ils étaient là, ils dormaient sous cet arbre, puis les hyènes sont arrivées et ils sont partis.

Walikuwepo, walikuwa wamelala: hiyo ni hali, picha ya nyuma, unaweka imparfait. Fisi wakaja, simba wakaondoka: matukio yanafuatana, passé composé. Darasani tulichorewa mistari na vishale ubaoni, mimi sikuambulia kitu. Nilikuja kushika nilipojiuliza ningesemaje kwa Kiswahili. Panapokuja "alikuwa ana-" nyoosha mkono kwenye imparfait. Panapokuja "aka-" kimbilia passé composé. Haikufikishi kila mahali, ila inakutoa kituoni.

Mwalimu wa Zamu
Mzee wa Kreta kasema vema. Niongezee, maana nimefundisha somo hili miaka mingi kabla ya kustaafu. "-ka-" na "alikuwa ana-" hazisumbui. Anayesumbua ni "-li-", kwa sababu anaangukia pande zote mbili. "Aliishi Tanga" ikiwa ni maelezo ya nyuma kabla kisa hakijaanza ni il habitait à Tanga. Ikiwa ni kipindi kilichofungwa, tuseme miaka kumi kisha akahama, ni il a vécu à Tanga pendant dix ans. Mwanafunzi akiona "-li-" asitafsiri mbio, ajiulize kwanza kama mlango umefungwa au uko wazi.

La pili ni subjonctif. Vijana wanaliogopa kabla hawajalisoma, kumbe asubuhi wametoka nalo nyumbani. "Nataka aje", "lazima uende", "heri tuondoke": hiyo "-e" ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Je veux qu'il vienne. Il faut que tu ailles. Mwanafunzi wangu wa Kiswahili hapo alikuwa anampita yule anayefikiria kwa Kiingereza. Anajikwaa mahali pengine, pale Kiswahili na Kifaransa wanapoachana njia. Sisi tunasema "ingawa anaumwa", kitenzi hakibadiliki. Wao bien que wanataka subjonctif: bien qu'il soit malade. "Sidhani kama anakuja" kwetu ni ya kawaida, kwao je ne pense pas qu'il vienne. Na kinyume chake "natumaini": ukisema j'espère que, kitenzi kinabaki cha kawaida. Hizo tatu nilikuwa nazitungia maswali kila mwaka, na kila mwaka zilikuwa zinavuna watu.

Jinsia nayo msiipe ukubwa. Mtu anayesema "kitabu kikubwa kimeanguka" bila kufikiri atashindwaje na makundi mawili tu? Shida ni kwamba ngeli zetu mara nyingi zinajionyesha mwanzoni mwa neno, na jinsia yao ukibahatika utaiona mwishoni. Yanayoishia -tion karibu yote ni ya kike. Yanayoishia -ment mengi ni ya kiume, na -age vilevile, ukiacha plage, page, image, cage na wenzao wachache. Yaliyobaki shika neno pamoja na kitambulisho chake, usiandike "table" daftarini, andika "une table".

Mchele wa Kyela
Mwalimu shikamoo. Hiyo ya "ingawa" nimeichapisha na kuibandika ukutani.

Mjomba Kontena
Mnajisumbua bure vijana. Kazi siku hizi ziko kwenye Kichina.

Kadogo wa Lubumbashi
Jambo bandugu. Mjomba Kontena, na jina lako hilo! Kontena likitoka bandari ya Dar, likapita Tunduma, likakata Zambia, likifika Kasumbalesa karatasi zote ni za Kifaransa. Uliza madereva na mawakala wa forodha.

Mimi nina kisa tofauti na chenu. Kwetu Kifaransa ni lugha ya shule, nilipokuja Dar kusoma nikaichukua hiyo kozi nikijua ni alama za kuokota. Kuongea nilikuwa naongea kuliko darasa zima. Mtihani wa kwanza wa kuongea nikataja bei, septante-cinq, yaani sabini na tano. Mtahini akakata alama. Nikamwambia mwalimu, Kinshasa, Bujumbura, Kigali, Bruxelles na Genève wote banasema septante (sabini) na nonante (tisini). Akasema kitabu kinataka soixante-quinze, sabini na tano ya Ufaransa. Tukaachana hivyo, alama hazikurudi, na mpaka leo sioni haki yake.

Ila kwenye kuandika walinishika. Barua rasmi sikuwahi kufundishwa vizuri. Je vous prie d'agréer, Madame, l'expression de mes salutations distinguées, yote hiyo ni kusema tu "wako mtiifu"! Wenzangu wa Dar walikuwa wameikariri kama sala, na mimi mwenye lugha naiazima kwao. Hapo tukafunga mkataba bwenini: mimi nabaongelesha Kifaransa usiku tukipika, wao bananinyoosha Kiswahili sanifu. Mmoja wao aliyekuwa hawezi kumaliza sentensi, muhula ulipoisha alikuwa ananipigia soga kwa Kifaransa mpaka namwambia nyamaza nilale. Mchele, tafuta Mkongo, Mrundi au Mkomoro pale chuoni. Hawakosekani. Usiombe akufundishe, omba mpike naye.

Mti Mkavu
Nitakuwa wa kuharibu sherehe. Mimi niliiacha. Darasa letu lilikuwa limechanganya walioanza juzi na waliosoma miaka sita sekondari, na lilikuwa limejaa hadi watu wanasimama. Zamu ya kuongea ikikufikia kipindi kimekwisha. Nikaona hii itanishushia GPA, na bumu, yaani mkopo wa kujikimu, lilikuwa halijatoka, hata hela ya kutolea kopi kitabu sina. Nikahamia kozi nyingine na sijuti. Chuo kikitaka watu wazungumze lugha, kigawe madarasa.

Mwenda Pole Nairobi
Mti Mkavu umesema ukweli, na hata huku Kenya ni hivyo hivyo. Wengine wanafika chuo wakiwa na Kifaransa cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, wengine hawajui hata "bonjour", na wote wanasukumwa ukumbi mmoja.

Mimi nilichofanya, niliacha kungojea darasa linipime, nikajiandikisha DELF B1, mtihani wa cheti cha Kifaransa, pale kituo cha Alliance Française. Hiyo ndiyo ngazi yenyewe ya kati. Mtihani una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila moja alama 25. Ukipata 50 kati ya 100 umepita, mradi hakuna sehemu uliyopata chini ya 5. Kuandika ni insha au barua ya maneno 160 kwenda juu, unatoa maoni yako juu ya jambo la kawaida tu.

Sehemu ya kuongea ndiyo watu wanaiogopa bila sababu. Kwanza unajieleza, wewe ni nani, unafanya nini, unapanga nini. Pili mnaigiza kisa: mtahini anajifanya jirani yako mpiga muziki usiku, nawe unaenda kumgongea mlango, ulalamike kwa adabu mpaka mpatane. Mimi nilipewa ya kurudisha bidhaa dukani, na yule mama mtahini alikuwa mkaidi kuliko wenye duka halisi wa River Road. Nikamwambia basi niite meneja. Akacheka, akaandika kitu. Tatu unapewa maandishi mafupi, dakika kumi za kujiandaa, halafu unaeleza mada ni nini na wewe unaonaje. Hapo beba viunganishi vyako: d'abord (kwanza), ensuite (kisha), par contre (kwa upande mwingine), c'est pourquoi (ndiyo maana). Ukivipanga hivyo mtu anakuona umetulia hata kama moyo unadunda.

Cha bure: RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi, Journal en français facile, ya dakika kumi hivi. Nilikuwa nasikiliza kwa matatu asubuhi. TV5Monde, televisheni ya Kifaransa, nao wana mazoezi mtandaoni yaliyopangwa kwa ngazi, hulipi kitu.

Binti Malindi
Narudi kidogo. Sasa nipo Montréal, na niwaambie mapema wanaoota huku. Cheti cha B1 mkononi, siku za mwanzo dukani sikuambulia kitu. "Je suis" (mimi ni) kwao imekuwa "chu". Swali linaulizwa kwa tu juu ya tu, "tu veux-tu?" (unataka?). Na chakula kimesogezwa: déjeuner ni cha asubuhi, dîner mchana, souper usiku.

Kadogo wa Lubumbashi
Kwa Babelgiji vilevile ni déjeuner asubuhi. Karibu nyumbani, Binti.

Mzee wa Kreta
Ukialikwa uulize saa, dada. Mimi mgeni Mswisi aliniambia dîner, nikaja kumchukua jioni.

Mchele wa Kyela
Asanteni sana wote. Nimeshampata Mrundi mmoja bloku ya pili, kakubali, kwa sharti nilete mchele. Anasema tuanze na kusimulia mechi za jana, hali ya uwanja kwanza, mabao baadaye. Mtihani wa kuongea ni Alhamisi ijayo, nitaleta mrejesho. Mti Mkavu nimekuelewa, lakini mimi kozi imeshapita muda wa kubadilisha, hapa ni kupiga msuli tu.

Kopo la Chai
Nimechelewa kufika. Mwenye desa la viwakilishi y na en aje inboksi, kesho asubuhi tuna tesiti.