Mafundi wa mabwawa, ukungu mweupe si mwani! Nimechoka kulipia kazi isiyofanyika

Wakuu, mniwie radhi, leo naandika nikiwa na hasira. Mwezi wa tatu sasa bwawa langu la kuogelea la nyumbani lina ukungu wa maji, yaani kuvu mweupe anayeota majini. Mafundi watatu wamekuja, wamelipwa, wameondoka, na ukungu uko palepale.

Kwa ambaye hajauona: ni kama karatasi ya chooni iliyolowa ikachanika vipandevipande. Vinaelea, ukivishika vinateleza kama kamasi. Siku ya kwanza niliwagombeza watoto nikidhani wametupia tishu majini. Nimewaomba radhi.

Fundi wa kwanza hakupima chochote. Alichungulia, akasema "mwani huo", akamwaga dawa ya mwani, akaaga. Mwani gani mweupe unaoelea kama tishu? Mwani ni kijani, au wa rangi ya haradali, au mweusi ulioshika ukuta. Huu ni kuvu, na mtu anayeishi kwa kazi ya mabwawa alipaswa kuujua kwa kuutazama tu.

Wa pili ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Alikuja na klorini ya chembechembe, kalsiamu haipokloraiti, akaanza kuimimina ndani ya kile chombo kinachoelea chenye tembe zangu za trikloro, klorini ya aina nyingine. Nilimshika mkono! Aina hizo mbili zikikutana zinaweza kuwaka moto, hata kulipuka, na watoto wangu walikuwa wamesimama hatua chache tu kutoka pale. Hakushtuka wala kuomba radhi. Akaimwaga majini saa sita mchana, jua la utosi, wakati kila mwenye bwawa anajua jua linaila klorini, ndiyo maana humwagwa jioni. Maji yaling'aa siku nne. Ya tano nikawasha pampu, vipande vikatoka kwenye matundu yanayorudisha maji bwawani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kama vinatokea tunduni, maskani yake ni ndani ya mabomba! Kule ukungu umejifunika utando wa ute, na klorini ya kawaida inaupita juu juu. Tulikuwa tunatibu maji, ugonjwa uko kwenye mabomba.

Wa tatu akapima klorini, akapata miligramu 3 kwa lita, akaniambia dawa iko sawa ila watoto wangu hawaogi kabla ya kuingia. Nyumbani kwangu, mbele ya mke wangu! Nikanunua vipimo mwenyewe. Asidi ya sianuriki, ile inayokinga klorini isiliwe na jua, ilikuwa miligramu 110 kwa lita. Inayofaa ni 30 hadi 50. Tembe za trikloro zinaiacha majini kila siku: kila miligramu 10 za klorini zinaacha kama 6 za asidi hiyo, na haikauki na jua, haiondoki mpaka upunguze maji. Ikizidi inaibana klorini isifanye kazi. Hata CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inasema klorini isipungue 1, lakini ukitumia sianuriki isipungue 2, na hapo hawazungumzii mtu mwenye 110. Watu watatu wa kazi hii, hakuna hata mmoja aliyeipima!

Basi nimefanya mwenyewe. Nilitoa nusu ya maji, nikajaza mapya, sianuriki ikashuka hadi karibu 55. Nikaweka pH, kipimo cha ukali wa asidi majini, kuwa 7.2, kwa sababu pH ikipanda klorini inalegea. Kisha brashi, na hapa ndipo kazi ilipo: nyuma ya ngazi, kwenye koo la skima, lile tundu la ukutani linalofyonza takataka za juu ya maji, na kile kimlango chake, na ndani ya tundu la taa baada ya kukata umeme. Nyuma ya taa nilikuta donge la ute la kujaza kiganja. Jioni nikapandisha klorini hadi 20, nikafungua vali zote, pampu ikazunguka usiku na mchana, na nikapiga marufuku mtu kuogelea. Filta nayo niliifungua nikaisafisha, maana ukungu ukibaki mle unarudi. Midoli, brashi na nyavu vyote nikaviloweka kwenye maji yenye klorini.

Leo siku ya tisa. Jana usiku klorini haikushuka hata 1 kati ya kuchwa na kucha, ishara kwamba hakuna tena kinachoila, na sijaona kipande.

Wa pili namdai pesa yangu, na nimemwambia hivyo kwa simu. Wa tatu anadai salio, halipati.

Kuna bomba moja la kufyonzea uchafu ambalo halijawahi kutumika tangu bwawa lijengwe, maji yamelala mle muda wote. Jioni hii nalifungua klorini ikiwa bado juu. Aliyewahi kusafisha bomba la namna hiyo aniambie: ulilipitishia maji kwa muda wa saa ngapi, na ulikuta nini ndani?